Soksi za Waya wa Jeshi

Jumatatu, 3 Novemba

Kofia ya bwana harusi imebaki duara la juu. Uzi mzuri hakuna madukani, nafumua kofia kuukuu nashonea mpya. Sindano imenidunga mara mbili. Naandika kwa sababu mwalimu wa kisomo kasema tusipoandika kila siku herufi zitatukimbia. Haya. Nazifunga kamba.

Mchana kaja mwanangu Mwajuma na mumewe, Koplo Bakari, fundi umeme wa malori jeshini. Yeye kabaki barazani, kageuza uso. Ndivyo alivyo. Mtu wa Tunduru, lakini adabu ya ukwe anaijua kuliko vijana wa hapa Kariakoo. Miaka tisa kamuoa mwanangu, sijapata kumwona uso mzima kwa mara moja. Namjua kwa vipande. Sikio. Shavu. Kisogo nakijua vizuri.

Kaleta waya. Si waya wa redio. Mnene kama kifundo cha mkono wangu, mzito kama mgonjwa. Mwajuma kanieleza kwa niaba yake, naye Bakari akikohoa huko barazani kila mkewe alipokosea. Lori likigoma kwa sababu betri imekufa, unaleta lori zima ubavuni, unaazima moto wake kwa waya huu. Upande mmoja una kichwa kinachoingia kwenye tundu la lori zima. Upande wa pili una vibanio viwili vya chuma vya kuuma betri iliyokufa. Kimoja chanya, kimoja hasi. Chanya kinauma chanya, hasi kinauma hasi. Ukivigeuza, moto unapigana wenyewe kwa wenyewe na kila kitu kinaungua.

Shida yao, rangi zimechubuka. Vibanio vyote vimekuwa rangi ya grisi. Utepe mwekundu hakuna mjini. Rangi ya kopo hakuna. Basi wanataka mama mkwe avivishe nguo. Chenye mkato wa tupa ndicho chanya, kivae nyekundu. Kisicho na mkato kivae nyeusi.

Nimekubali. Nimeshonea mashekhe kofia. Soksi za lori zitanishinda?

Jumanne, 4 Novemba

Asubuhi nimetandika mkeka chini ya ukuta wa jikoni, penye kivuli. Waya nimeuacha katikati ya ua, ua wenyewe mwembamba, mkono unafika, pale pale walipoubwaga, mgongo wangu si mali ya serikali. Nyekundu nimekata kwenye kipande cha bendera, ile nguo nyekundu ya waganga, nyeusi kwenye kaniki yangu ya zamani. Mkato nimeutafuta kwa kidole, nimeupata, kibanio cha mkono wa kulia. Nimevisha. Zimekaa kama zimezaliwa nazo.

Lakini grisi! Kufika saa tano soksi zote mbili zinatia aibu. Kitu kichafu hakitoki nyumbani kwangu kwenda kwa watu, sembuse jeshini. Nimezivua, nimezifua kwa kipande cha sabuni nilichopangia foleni juzi tangu alfajiri, nimezianika.

Bi Salama, jirani yangu wa chumba cha pili, kaona bendera na kaniki kwenye kamba. Kauliza nani humu kapandisha pepo. Nimemwambia lori. Hakucheka. Kaingia ndani kafunga dirisha.

Alasiri zimekauka. Kivuli kilikuwa kimeshahamia ukuta wa choo, ng'ambo ya ua, nami nikahama nacho na mkeka wangu, kama siku zote. Nimezirudisha, nyekundu kulia, nyeusi kushoto, kama asubuhi. Nimezibana kwa uzi wa magunia, mishono miwili miwili. Hazivuliki hata kwa bunduki.

Najisifu. Hakuna mwingine humu wa kunisifu.

Alhamisi, 6 Novemba

Bakari kaja kuchukua waya. Kaupokea kwa mikono miwili, kichwa kando, asante mama, asante mama, kama nimempa mtoto mchanga. Hakuutazama hata kidogo. Kauviringisha kwenye gunia kaondoka.

Kazi safi haikaguliwi.

Ijumaa, 7 Novemba

Naandika mbio. Herufi zitapinda.

Baada ya swala nimekwenda Mnazi Mmoja na Bi Salama. Jeshi linafanya mazoezi ya gwaride. Malori yamepangwa mstari, yanang'aa. Lile la mbele kabisa likagoma. Dereva kabonyeza, likakohoa mara moja, kimya. Tukasogea. Gwaride linachosha, lori bovu lina raha yake.

Mara Bakari huyoo, na waya begani, na soksi zangu zinaning'inia. Nikasimama. Nikamwambia Bi Salama, na muuza karanga, na masista wawili waliokuwa wanapita zao, soksi zile nimeshona mimi kwa mkono wangu.

Lori zima likasogezwa. Kichwa cha waya kikaingia tunduni. Bakari kabana nyekundu. Kabana nyeusi.

Cheche. Mlio kama kifuu kimevunjwa kwa shoka. Betri imepasuka, tindikali imeruka, Bakari kakaa chini kwa makalio mbele ya bendi nzima. Lile lori zima nalo likafuka moshi, likanyamaza. Sasa maiti mbili. Bendi ikaendelea kupiga. Hakuna aliyewaambia waache.

Tumekimbia. Nimepoteza kandambili moja. Muuza karanga tuko naye sako kwa bako, anapumua juu juu, ananiuliza, "Mama, zile soksi unapokea oda?" Mshenzi.

Bakari macho mazima, alhamdulillahi. Nyusi zimeungua zote.

Jumamosi, 8 Novemba

Mwajuma kaja analia. Bakari kazuiwa kambini. Sajini wa karakana kaupima waya kwa taa ndogo. Taa imewaka. Kwa hiyo waya mzima, mbovu ni mtu. Kaandika kwamba Koplo alibana nyuma mbele kwa uzembe. Mwingine kataja hujuma. Neno hilo siku hizi likitajwa watu wanaangalia viatu vyao.

Ijumaa ijayo mkuu wa kambi anaamua. Akiafiki ya Sajini, Bakari anafukuzwa jeshini. Nyumba ya kambini inaondoka, na wajukuu zangu watatu wanarudi kulala hapa na karatasi ya kufukuzwa ambayo hakuna atakayempa kazi mtu mwenye nayo.

Nimemwuliza Mwajuma, yeye mwenyewe Bakari anasemaje. Anasema, "Nilikosea, afande." Basi. Hasemi kingine.

Sijaamini. Mtu anayenawa mkono mara tatu kabla ya kula hakosei kitu kama hicho.

Jumapili, 9 Novemba

Mwajuma kampelekea chakula, karudi na gwanda chafu la kufua. Mfukoni nimekuta soksi zangu. Zote mbili! Nyuzi za magunia zimekatwa kwa kisu. Nyekundu imeungua ncha.

Kazivua na kuzificha. Mwajuma hajui kwa nini. Mie najua. Kaona aibu. Wenzake wamemcheka, Koplo amevishiwa waya na mama mkwe.

Nimekasirika sana. Gwanda nimelifua kwa kulipiga.

Jumatatu, 10 Novemba

Kisomo sikwenda. Bado nimekasirika.

Jumanne, 11 Novemba

Mungu wangu.

Nilikuwa nachambua mchele wa shughuli ya Bi Salama. Sinia mbili katikati ya ua, safi naweka kulia, chuya na mawe natupa kushoto. Asubuhi yote chini ya ukuta wa jikoni. Jua likanifuata, nikahamia ukuta wa choo, nikaendelea. Kulia safi, kushoto chuya. Mikono yenyewe inajua, mie nawaza ya Bakari.

Bi Salama akapita, akapiga kelele. Bi Zena, mbona unanichanganyia mawe!

Nikatazama. Mchele safi natupa juu ya chuya. Chuya namwagia juu ya safi. Mie nimehama, sinia hazikuhama. Kulia kwangu kumekuwa kushoto.

Nikakaa na mkono hewani. Bi Salama kadhani nimepooza.

Siku ile ya soksi nilihama na kivuli. Waya haukuhama. Asubuhi nyekundu ilikuwa juu ya mkato. Alasiri nikairudisha mkono ule ule, juu ya kibanio kingine. Mkato sikuutafuta tena. Nilikuwa najisifu.

Ni mie. Nimechoma malori mawili ya jeshi. Mie, ambaye hata jiko la mafuta ya taa naliogopa.

Halafu jingine likanijia, likanikaa vibaya kuliko la kwanza. Bakari anajua. Alipozivua soksi aliona mkato uko chini ya nyeusi. Ndiyo maana kazificha. Si aibu ya kuchekwa. Hakutaka jina la mama mkwe litajwe mbele ya askari. Kameza.

Mjinga. Mjinga mwenye adabu.

Mchele wote nimeanza upya.

Jumatano, 12 Novemba

Leo sikwenda kokote. Naogopa. Sijawahi kuogopa kitu kilichovaa suruali, lakini leo naogopa. Nimevaa baibui, nimefika hadi kona ya duka la ushirika, nimerudi. Nimesema moyoni labda watamsamehe wenyewe. Hawatamsamehe.

Kofia haijaisha.

Alhamisi, 13 Novemba

Naandika yote kabla sijasahau.

Nimetoka mapema. Nimepita Mnazi Mmoja bila kutazama pembeni, nikapanda basi Posta, nikashuka getini kwa kambi. Askari wa zamu kijana, bunduki ndefu kuliko yeye.

"Shikamoo bibi. Una miadi?"

"Marahaba. Nina soksi."

Kaniambia nirudi nyumbani, maana mkuu, Meja Maganga, hana mchezo na mtu. Nikamwuliza, Maganga wa Tabora? Ndiyo, bibi, wa Tabora. Nikacheka mpaka kijana akashika bunduki vizuri. Mnyamwezi! Mtani wangu! Mzaramo na Mnyamwezi wanatukanana mpaka msibani na hakuna wa kununa. Hofu yote ikanitoka. Nikapaza sauti:

"Maganga! Toka nje! Babu yako alipita kwetu na mzigo kichwani, tukampa maji, akanywa, akaondoka na kata! Nimekuja kuichukua!"

Askari wa zamu kafumba macho.

Katoka pande la mtu, masharubu yamechanwa. Kanitazama toka kichwani hadi kwenye kandambili za kuazima. Kasema taratibu, "Bibi Mzaramo, ile kata tuliikuta imetoboka. Tulitaka kuwaambia, mlikuwa mmelala." Kisha kaamuru niletewe kiti.

Nikamweleza. Mkeka, grisi, sabuni, kivuli, mkono wa kulia. Nilipofika kwenye soksi zilizofichwa akaacha kutabasamu. "Utani basi, mama. Sema tena, polepole." Nikasema tena. Nikamwekea soksi mezani.

Kaagiza Bakari aletwe. Kaingia, kaniona, kashtuka hata kasahau kugeuka. Nami nimesahau kujifunika. Basi leo nimemwona uso mzima. Uso mzuri. Nyusi hamna. Kisha tukageuka wote wawili, yeye ukutani, mie dirishani.

Meja kamwuliza. Bakari anauambia ukuta, "Nilikosea mimi, afande."

Nikamwambia Meja, "Mwambie mkwe wangu ni muongo."

"Bakari, mama yako anasema wewe muongo."

"Mwambie mama, afande, yeye hahusiki."

"Mama, anasema huhusiki."

"Mwambie miaka yote hii nimemsifia adabu. Leo naifuta."

Meja kashika kichwa. Kasema kapigana vita, lakini hajawahi kufanywa simu.

Kamwita Sajini. Mtu mwembamba, daftari kwapani. Kasikiliza, kacheka kwa pua. Hadithi za vibibi, afande. Waya niliupima kwa taa ukawaka. Na mtu mwenye akili hawezi kugeuza kitu kama hicho kwa kuhama mkeka.

Meja hakubishana. Katutoa wote nje kwenye ua wa karakana, kaagiza waya ulazwe chini. Kamwambia Sajini achuchumae upande huu, atafute mkato, avishe nyekundu. Kavisha sawasawa. Avue. Kavua. Meja akakumbuka kumwuliza mambo ya matairi, mangapi yamekuja, mangapi mabovu, huku anamhamisha, jua kali Sajini, njoo huku kivulini. Sajini kazunguka upande wa pili anahesabu matairi kwa mdomo, kachuchumaa, kaambiwa zirudishe. Kazirudisha. Hata hakutazama.

Meja kaagiza mita ya kupimia umeme. Ya karakana ilishakufa, ndiyo maana Sajini alitumia taa. Ikaazimwa ya watu wa simu, ina mshale. Bakari ndiye aliyeeleza, kwa sauti ndogo, bado ananipa kisogo. Taa haichagui, afande. Ukiipa moto wa mbele inawaka, wa nyuma inawaka. Mshale unachagua.

Kichwa cha waya kikachomekwa kwenye lori zima. Mita ikaguswa, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi.

Mshale ukarudi nyuma, ukagonga ukingo.

Sajini kavua soksi nyeusi. Mkato huo hapo unamtazama.

Nikamwambia, "Pole baba. Hata mie nilijisifu."

Askari wamecheka mpaka mmoja kakaa juu ya tairi. Meja hakucheka, masharubu tu yalikuwa yanaruka. Kasema, "Mmeona hatari ya Wazaramo? Wanapenda kivuli mpaka kinaambukiza jeshi." Nikamjibu Mnyamwezi hana haja ya kivuli, ana mzigo kichwani. Hapo kashindwa. Kacheka.

Uamuzi kesho. Hakuniambia upi.

Ijumaa, 14 Novemba

Mwajuma kaja mbio, kaniita toka njiani. Hafukuzwi! Anabaki na cheo chake. Adhabu siku saba za kufagia karakana, tatu kwa kutumia waya bila kuukagua, nne kwa kumdanganya mkuu wake. Sajini anafagia naye siku mbili. Daftari limefutwa pale palipoandikwa uzembe. Hujuma haitajwi tena. Na amri mpya, kila waya ukirudi kutoka popote, unapimwa kwa mshale kabla haujagusa lori. Hata ukitoka kwa mama mkwe. Imeandikwa hivyo hivyo, Mwajuma kaisoma ubaoni.

Nimelia kidogo jikoni. Kitunguu hakikuwepo.

Jumapili, 16 Novemba

Mvua ya asubuhi, kisha ikakatika.

Bakari kaja peke yake. Hajawahi kuja peke yake. Kakaa ukumbini, mie chumbani, pazia katikati. Nimempitishia chai chini ya pazia.

Nikamwambia nimekosa. Nikamwambia naye kakosa. Kazi yangu alipaswa kuitazama, na alipoona kosa alipaswa kulisema. Adabu gani hii ya kulaza watoto njaa ili bibi asitahayari. Siku nyingine nikiharibu, sema. Nitatukana, halafu nitanyamaza.

Nilimsikia anakunywa. Funda. Funda jingine. Maji ya mvua yanadondoka kwenye pipa.

Kikombe kikawekwa chini.

"Mama."

"Naam."

"Chai ina chumvi."

Nikaonja yangu. Kweli.

Nimemwaga birika zima, nimebandika maji upya. Kangoja.